Kuchora na kucheza na mtoto wa miaka mitatu hadi mitano kwenye nyumba ya kupanga

Mwanangu alikuwa hajatimiza miaka minne alipochora treni ya mkaa kwenye ukuta wa korido, kuanzia mlango wa chumba chetu hadi mlango wa uani. Treni yenyewe ilikuwa mstari mmoja mrefu, na chini yake viduara visivyo na idadi. Jioni mama mwenye nyumba akarudi kutoka kwenye kikoba, akautazama ukuta wake aliokuwa ameupaka chokaa kabla ya Ramadhani, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo mama," nikasema, maana sikuwa na lingine la kusema.

"Marahaba. Mtoto hana kosa huyu. Mkaa ameupata, pa kuchorea hujampa."

Chokaa nilipaka upya kwa hela yangu, lakini maneno yale yalinikaa. Mtoto wa umri huu atachora tu, umpe nafasi au usimpe. Tunachopaswa kumtafutia sisi wazazi ni mahali pake, kitu cha kuchorea, na mtu mzima wa kukaa naye chini hata kwa robo saa. Haya ninayoyaeleza nimeyafanya kwenye chumba kimoja na korido ya kugombania na wapangaji wengine watatu, kwa hiyo usiniambie kwako hapatoshi.

Mpe ukuta wake

Tafuta boksi kubwa, la friji au la feni ya kusimama. Lifungue lilale bapa, toboa matundu mawili upande wa juu, pitisha kamba, litundike kwenye msumari. Katikati ya boksi pawe usawa wa macho ya mtoto, siyo ya kwako. Chini yake tandika salfeti la mchele lililopasuliwa pembeni. Kanuni iwe moja: rangi haivuki salfeti. Ukimpa kanuni sita hatashika hata moja.

Usione boksi la kutundika kama mbadala wa maskini kwa meza. Mtoto anayechora amesimama anatumia bega zima, na kiganja chake kinakunjika kidogo kwa nyuma, mkao uleule atakaouhitaji akianza kushika penseli darasani. Meza inaweza kusubiri.

Kuhusu muda, nilikosea mwanzoni: nilikuwa nampa rangi asubuhi akishaoga. Sasa ni saa kumi na nusu jioni, kabla ya kuoga. Akichafuka, maji ya kuoga yako njiani. Na usimpangie nusu saa. Mtoto wa miaka mitatu akikaa na kitu kimoja dakika tano hadi kumi amejitahidi sana. Akiondoka, mwache aende, maana atarudi.

Vifaa: anza na vilivyomo ndani

Dukani nilinunua vitu viwili tu, pakiti ya krayoni na chaki. Krayoni nikazivunja. Ndiyo, zivunje, kila moja vipande viwili au vitatu. Krayoni ndefu mtoto huishika kwa ngumi kama mchi, lakini kipande kifupi kama pingili ya kidole hakishikiki kwa ngumi. Vidole vitatu vinalazimika kufanya kazi, na hakuna aliyemfokea "shika vizuri".

Karatasi omba steshenari. Kila penye mashine ya fotokopi pana rundo la karatasi zilizoharibika upande mmoja, na wengi watakupa bure au kwa hela ya maji. Brashi ni mswaki wa zamani, unyoya wa kuku, au kijiti cha mswaki wa mti kilichotafunwa ncha. Hicho cha mwisho kinachora kuliko brashi nyingi za plastiki. Mkasi wa ncha butu ngoja afike miaka minne, kabla ya hapo mwache achane karatasi kwa vidole. Kuchana nako ni mazoezi.

Visivyofaa ni vichache ila vishike. Unga mweusi wa ndani ya betri za redio, ule tuliopakia mbao za shuleni zamani, una kemikali za kuunguza, usimpe. Rangi ya mafuta iliyoachwa na fundi pia usimpe, kwa kuwa baadhi zina madini ya risasi. Na kama ndani kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, sarafu, shanga na vizibo vitoke pale tu ukiwa umekaa, na virudi kwenye kopo kabla hujanyanyuka.

Mkono una zamu zake

Kabla hujaanza kulinganisha na mtoto wa jirani, jua mpangilio wa kawaida. Mwaka na nusu hadi miwili ni kukwaruza tu. Kwenye miaka mitatu mtoto huweza kuiga duara. Kuelekea minne anaweza msalaba, yaani mistari miwili inayokatana, kisha mraba baada ya hapo. Pembetatu huja kwenye miaka mitano, kwa sababu mstari wa mshazari ni mgumu kuliko tunavyodhani. Mtu wake wa kwanza atakuwa kichwa kinachotoka miguu, bila tumbo wala shingo. Usimsahihishe. Watoto karibu wote hupitia hapo, na tumbo litakuja lenyewe.

Sasa fikiria: herufi A imejengwa kwa mistari miwili ya mshazari na K inayo miwili. Unapomkalisha wa miaka mitatu kuandika aeiou kwenye daftari la mistari, unamdai kitu ambacho mkono wake bado hauna. Ndiyo maana analia.

Na mkono wa kushoto. Bibi wa chumba cha pili alimwona mwanangu akichora kwa kushoto, akaitoa krayoni akaihamishia kulia, kwa upendo kabisa. Nilimwambia, "Bibi, kula atakula kwa kulia, salamu atatoa kwa kulia, hapo sina ubishi. Ila kalamu tumwachie." Alininunia kidogo. Mkono anaotumia mtoto unaamuliwa na ubongo, na kumgeuza kwa nguvu kunamchelewesha na kumtia aibu bure.

Siku za kwanza: maji na mchanga

Anza na maji. Kopo la maji, mswaki wa zamani, ukuta wa nje au sakafu ya saruji iliyopigwa jua. Mtoto anachora, saruji inageuka nyeusi, baada ya dakika chache jua linafuta. Hakuna cha kuharibu, kwa hiyo hakuna cha kuogopa, na hofu ya kukosea huyeyuka hapo. Mama mwenye nyumba alisema huo ndio uchoraji anaoutambua yeye.

Siku ya mvua tumia sinia. Mimina mchanga mkavu uliochekechwa, tabaka jembamba la kuonyesha chini ya sinia kidole kikipita. Chora wimbi, yeye afuate. Chora njia ya konokono. Tikisa sinia, yote yamefutika.

Wanyama walio mfukoni

Toa sarafu nne za Tanzania: hamsini, mia, mia mbili, mia tano. Zipange juu ya kitabu kigumu upande wa mnyama ukitazama juu, funika na karatasi nyepesi, shika karatasi isicheze. Mtoto asugue juu yake kwa penseli iliyolazwa, taratibu. Kwenye hamsini anatoka faru, kwenye mia swala, kwenye mia mbili simba, kwenye mia tano nyati. Mara ya kwanza mwanangu aliinua karatasi kutafuta faru amepitia wapi.

Krayoni iliyovuliwa karatasi yake na kulazwa ubavu inasugua vizuri zaidi kwenye majani. Jani la mwembe au mpera, upande wa mishipa juu. Mchicha haufai, unasagika.

Kuchora kanga

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, na haugharimu kitu.

Anua kanga kwenye kamba, itandaze chini, mkae juu yake. Mwambie apitishe kidole kuzunguka ukingo wote, pande nne, bila kutoka nje. Huo ni pindo. Kisha aingie ndani kutafuta kilichochorwa katikati, korosho, ua, jogoo, chochote. Huo ni mji. Chini kidogo ya mji kuna maandishi, na hilo ni jina la kanga. Msomee. Mtoto ambaye hajui herufi hata moja ataelewa papo hapo kwamba kumbe mikwaruzo ile inasema maneno, na kwamba nguo inaweza kumsema mtu.

Sasa mpe karatasi, na mwende hivi:

1. Aanze na pindo. Mwambie achore barabara ya kuzunguka karatasi. Wa miaka mitatu atapaka tu pembeni, inatosha. Wa miaka mitano mpe kazi ya kurudia: nukta, mstari, nukta, mstari, mpaka barabara ikutane. Hapa utamsikia anahesabu mwenyewe.

2. Mji mwachie. Usipendekeze. Wa kwangu amewahi kuchora sufuria, jongoo, na "injini ya bajaji".

3. Muulize, "Kanga yako inasemaje?" Andika atakachosema, kwa herufi kubwa, neno kwa neno, hata kama ni kioja. Ya kwanza ilisema: UJI WA MOTO SITAKI MIMI. Nikaisoma kwa sauti huku napitisha kidole chini ya kila neno. Akaniambia nisome tena. Akamwita bibi wa chumba cha pili aje asomewe, na yule bibi, aliyekuwa bado amenuna, akacheka mpaka akakaa.

4. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyofanana. Kwa hiyo kesho yake ni kuchora pacha wa ile ya jana. Kurudia kitu kwa kukitazama ni kazi nzito kuliko kukibuni, hivyo ya pili ikitoka tofauti usimwonyeshe tofauti. Akiziona mwenyewe, mpongeze kwa kuona.

Rangi za jikoni zinazogeuka

Hii fanya Jumamosi, ukiwa na subira na nguo mbovu. Binzari haitoki kwenye shati la chekechea, ninakuambia kwa uchungu.

Chukua kijiko cha chai kimoja cha binzari ya manjano, vijiko vinne vya chakula vya maji na kijiko kimoja cha uji mwembamba wa unga wa muhogo uliopoa. Uji ndio unaoshikisha rangi kwenye karatasi. Koroga. Mtoto apake karatasi nzima, ikauke juani. Pembeni koroga wewe mwenyewe chembe ya magadi kwenye maji kidogo, na weka kikombe kingine chenye ndimu iliyokamuliwa. Magadi yanawasha macho, kwa hiyo kikombe hicho kikae upande wako.

Karatasi ikikauka, mpe kijiti chenye pamba. Achovye kwenye maji ya magadi, achore juu ya manjano. Mstari unatoka mwekundu wa kutu. Hajatia rangi yoyote, na anaijua ile ni maji tu! Mwache ashangae, achore mpaka aridhike. Kisha achovye kijiti kingine kwenye ndimu, apite juu ya wekundu. Manjano inarudi.

Ukitaka kuendelea, chemsha choya, ile rozela ya kutengenezea juisi. Ipoe, aipake. Ndimu inaizidishia wekundu, magadi yanaivuta kuelekea buluu au kijani kilichofifia. Mtoto wa miaka mitano ataanza kubashiri kabla ya kuchovya, nawe usimpe jibu. Baada ya hapo kila kitu jikoni atataka kukitia ndimu, pamoja na chai yako.

Unga wa kuchezea

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, kijiko cha chakula cha mafuta, na maji karibu kikombe kimoja, ukiyatia kidogokidogo. Kanda kama wa chapati mpaka uache kushika mikono. Ukinata, ongeza unga; ukipasuka, ongeza maji. Kwenye kopo lenye mfuniko unakaa siku kadhaa. Ukianza kunuka, tupa. Chumvi yote ile si ya kuliwa, kwa hiyo anayeonja kila kitu msubirishe.

Usimfundishe kufinyanga. Mpe kifuniko, uma, kitana na kipande cha tawi, kisha ukande fungu lako kimya kimya. Chapati zitapikwa, nyoka watazaliwa, na vidole vinavyofinya leo ndivyo vitakavyobana penseli kesho.

Mnyama mmoja karatasi nzima

Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam kwenye vipande vya ubao laini wa ujenzi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Wanyama wake walijaa ubao hadi ukingoni. Alifariki 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na mtindo ukabaki na jina lake.

Mchezo wenyewe: mtoto achague mnyama mmoja, na sharti liwe moja, mnyama aguse pande zote nne za karatasi. Watoto wengi huchora kitu kidogo kwenye kona kwa woga. Sharti hili linawatoa konani. Akimaliza umbo, ajaze mwili wa mnyama kwa nukta, michirizi na maduara, kwa ncha ya kidole au kijiti. Nyuma rangi moja tu. Ukipata twiga mwenye shingo iliyopinda kwa kukosa nafasi, hilo ndilo bora.

Daladala la viti

Kuchora kukimchosha, kugeuze kuwe mchezo. Panga viti na ndoo mstari mmoja. Kabla gari halijaondoka, konda anahitaji tiketi, kwa hiyo achore tiketi, vipande kumi vya karatasi, kila kimoja na alama yake. Hela nazo achore. Kisha vituo. Sisi tulichora Buguruni kwa samaki, Ubungo kwa basi kubwa, na Mbagala kwa nyumba ya bibi, kila picha tukaibandika sehemu yake ukutani kwa uji (ukuta wetu wa boksi, tafadhali).

Wewe kuwa abiria msumbufu. "Konda, chenji yangu!" "Nishushe hapo kwa samaki!" Atabidi asome picha zake mwenyewe ili akushushe. Mtoto anayejua kwamba picha ya samaki inasimama badala ya Buguruni ameshaelewa kusoma ni kitu gani.

Umeme ukikatika una ukumbi mwingine: tochi ya simu, shuka na mikono. Kata mnyama wa boksi, mbandike kwenye kijiti, umsogeze karibu na tochi uone anavyokua.

Ulimi wako wakati anachora

Swali la "hii ni nini?" lipunguze. Mara nyingi bado hajaamua ni nini, na ukiuliza atakutungia jibu ili uridhike. Sema unachokiona: "Naona umezungusha nyekundu hapa, ukarudia." Au, "Haya, nihadithie." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi.

Usimchoree. Akisema "Mama nichoree gari," muulize gari lina nini. Matairi? Tairi likoje? Duara analijua. Limeanza hivyo. Ukimchorea gari zuri mara tatu, la kwake halitamfurahisha tena. Lakini chora la kwako pembeni, lipinde, likose taa. Mtoto anayemwona mama yake anakosea na kuendelea hujua kwamba inawezekana.

Sifa za kila dakika, "mashallah, hodari, hodari", nazo hupoteza ladha. Taja kitu kimoja alichokifanya kweli.

Yatakayokwamisha

Kuna mtoto hataki kuchora kabisa, anataka mpira tu. Mchoree goli kwa chaki, achore mstari wa katikati, achore mashabiki. Wengine hawapendi vidole vichafuke, hao wape kijiti na usiwalazimishe.

Simu ndiyo mshindani mkubwa, na sitajifanya malaika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka mitatu na minne asizidi saa moja ya kutazama skrini kwa siku, kukiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Kwangu kilichofanya kazi ni kuiweka simu yangu mimi chaji chumbani saa ile ya kumi na nusu. Nikiishika, naye anaitaka.

Na ukirudi kazini umechoka hoi, lala kwenye mkeka, mpe chaki, mwambie azungushe mstari kwenye sakafu kuufuata mwili wako wote. Dakika kumi umelala, na yeye anafanya kazi. Ukiamka, mjazie macho na vifungo pamoja.

Picha zikijaa

Zitajaa. Funga kamba ukutani, tundika kwa vibanio vya nguo tano tu kwa wakati mmoja, na achague yeye ipi ishuke mpya ikiingia. Nyuma ya kila picha andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema. Mwisho wa mwezi weka mbili au tatu kwenye bahasha ya kaki. Ukizipanga baada ya mwaka utaona miguu inayotoka kichwani ikishuka mpaka tumboni.

Zilizobaki zinawashia jiko la mkaa vizuri sana, ila ngoja alale kwanza.